Je, Wajua? Punje moja ya dhania ni mbegu mbili

Ile punje ya mviringo tunayoiita mbegu ya dhania si mbegu. Ni tunda kavu, na ndani mna mbegu mbili. Ndiyo maana ukifukia punje moja kwenye gunia la udongo nyuma ya jikoni huko Kangundo, miche miwili inaweza kuchomoza mahali pamoja. Bingirisha chupa juu ya punje polepole hadi zigawanyike, ziloweke usiku kucha, kisha panda. Usizisage! Hiyo ni kazi ya masala.

Hata punje za dukani, zile za kiungo, mara nyingi huota. Ziwe nzima, hazijakaangwa, wala si kuukuu. Ngoja wiki 1 hadi 3.

Dhania huchukia kuhamishwa. Huteremsha mzizi mmoja mrefu, na ukiuvuruga, mmea hukimbilia kutoa maua na majani mazuri yanakwisha. Joto na kiu huleta balaa hilohilo. Kwa mkulima wa Kangundo, baridi ya Juni na Julai ni neema kwa dhania, mradi pawe na maji ya kunyunyizia, kwani mvua za vuli hungoja hadi Oktoba.

Punje za dhania zilikutwa pia katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyezikwa miaka 3,300 hivi iliyopita. Kaburi lenyewe liligunduliwa mwaka 1922.

Mbegu za mrehani nazo zina kituko chao: zikilowa, hujivika utelezi kama mayai ya chura, ndani ya dakika chache tu.