Lita Nne kwa Kila Chaji: Ulaji wa Mafuta na Masafa ya Gari la Mseto la Njia Korofi katika Matumizi Halisi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo kati ya takwimu rasmi za ulaji wa mafuta wa gari la mseto la kuchomeka na ulaji wake halisi barabarani. Mfano uliochaguliwa ni Jeep Wrangler 4xe, gari la njia korofi lililoingia sokoni Marekani kama toleo la mwaka 2021. Kwa kutumia takwimu rasmi za Marekani na hesabu sahili, makala yanaonesha kwamba betri ya gari hili huongeza masafa kwa kiasi kidogo sana. Manufaa yake makubwa ni kuokoa takriban lita nne za petroli kila inapochajiwa. Inahitimishwa kwamba sera ya kodi inayolitazama jina la teknolojia bila kutazama namna inavyotumiwa inaweza kulipia akiba ambayo haipo.

1.0 Utangulizi

Neno “mseto” linapotajwa katika mijadala ya sera za usafiri, mara nyingi huchukuliwa kuwa na maana moja: gari linalokula mafuta kidogo. Kwa hakika neno hilo hukusanya chini yake teknolojia zinazotofautiana kimsingi. Kuna gari la mseto lisilochomekwa, ambalo umeme wake wote hutokana na injini na breki za kurejesha nishati. Kuna pia gari la mseto la kuchomeka, lenye betri kubwa zaidi, ambalo hupokea umeme kutoka kwenye gridi. Ulaji wa mafuta wa gari la kwanza hutegemea zaidi gari lenyewe, njia na mwendo wa dereva. Ulaji wa gari la pili hutegemea hayo yote, na juu yake hutegemea jambo jingine lisiloonekana kiwandani wala bandarini: je, mwenye gari hulichaji?

Swali hili huwa zito zaidi linapohusu gari la njia korofi. Gari la aina hiyo ni zito, lina umbo la sanduku, na hununuliwa kwa ajili ya safari za mbali na mji, ambako soketi ya kuchajia ni nadra.

2.0 Muundo wa gari lenyewe

Wrangler 4xe lina injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.0 na tabo, pamoja na mota mbili za umeme. Mota ndogo imeunganishwa na injini kwa mkanda, nayo huiwasha injini na kuzalisha umeme. Mota kubwa imewekwa ndani ya giaboksi ya gia nane, nayo ndiyo huyasukuma magurudumu. Kwa pamoja mfumo huu hutoa nguvu za farasi 375. Betri ina uwezo wa kilowati-saa 17.3 na imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Tangi la mafuta hubeba galoni 17.2 za Marekani, yaani takriban lita 65. Uzito wa gari tupu ni takriban kilo 2,300, na katika baadhi ya matoleo huzidi hapo.

Dereva anaweza kuchagua namna tatu za uendeshaji. Ya kwanza hulitegemea zaidi umeme wa betri hadi unapokaribia kwisha, kisha injini huchukua nafasi kubwa. Ya pili hujaribu kutumia umeme peke yake. Ya tatu huitanguliza injini ili chaji ihifadhiwe kwa matumizi ya baadaye, kwa mfano kwenye kipande cha njia korofi mwishoni mwa safari.

3.0 Takwimu za lebo na maana yake

Wakala wa Kulinda Mazingira wa Marekani (EPA) huyapa magari ya aina hii takwimu zaidi ya moja. Kwa Wrangler 4xe, lebo inaeleza kwamba gari husafiri maili 21 hadi 22 kwa umeme, kutegemea mwaka wa toleo. Hizo ni kilomita 34 hivi. Likitumia umeme, ufanisi wake ni maili 49 kwa kiasi cha nishati kinacholingana na galoni moja ya petroli. Betri ikiisha, gari huenda maili 20 kwa galoni, sawa na lita 11.8 kwa kila kilomita 100. Masafa yake ya jumla ni maili 370, yaani takriban kilomita 595.

Takwimu inayovutia macho ni 49. Hata hivyo, hicho ni kipimo cha nishati, si cha petroli. EPA huhesabu galoni moja ya petroli kuwa sawa na kilowati-saa 33.7 za umeme. Kwa hiyo maili 49 maana yake ni kwamba gari hutumia karibu kilowati-saa 43 za umeme kwa kila kilomita 100, na kwamba kilomita 34 za umeme huhitaji takriban kilowati-saa 14.5 kutoka ukutani. Msomaji anayelinganisha 49 ya gari hili na 25 ya gari la petroli, akadhani kwamba atanunua nusu ya mafuta, atakuwa amelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Hesabu nyingine inafichua jambo la msingi zaidi. Kilomita 34 zilizosafiriwa kwa umeme zingehitaji takriban lita 4 za petroli iwapo betri ingekuwa imekwisha. Hiyo ndiyo thamani ya chaji moja kamili: lita nne. Kwa upande wa masafa, kilomita hizo 34 ni chini ya asilimia 6 ya kilomita 595 zilizotajwa kwenye lebo. Masafa yaliyobaki yote yamo ndani ya tangi. Betri ya gari hili, basi, haimfikishi dereva mbali zaidi. Humpunguzia mafuta, na humpunguzia kila anapoichaji tu.

4.0 Gari moja, ulaji wa aina nne

Jedwali la 1 linatumia takwimu za lebo kukokotoa ulaji wa gari hilohilo katika mazingira manne. Inachukuliwa kwamba kila chaji inatosha kilomita 34 na kwamba kilomita zinazobaki hutumia lita 11.8 kwa kila 100.

Jedwali la 1: Ulaji wa petroli kulingana na matumizi

| Matumizi | Kilomita za umeme | Petroli (lita) | Lita kwa km 100 |
|---|---|---|---|
| Km 30 kwa siku, huchajiwa kila usiku | 30 | 0 | 0 |
| Km 60 kwa siku, huchajiwa kila usiku | 34 | 3.1 | 5.1 |
| Safari ya km 400, chaji moja mwanzoni | 34 | 43.2 | 10.8 |
| Safari ya km 400, bila kuchaji | 0 | 47.2 | 11.8 |

Mstari wa kwanza ni hali bora, na katika uhalisia hautimii kikamilifu. Gari hili lina utaratibu wa kuiwasha injini hata betri ikiwa imejaa, endapo mafuta yamekaa tangini muda mrefu au oili inahitaji kupashwa moto. Baridi kali nayo huweza kuilazimisha injini kuwaka. Pamoja na hayo, somo la jedwali liko wazi: pengo kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho halikutokana na kifaa chochote kilichobadilishwa. Limetokana na waya kuchomekwa au kutochomekwa.

Mstari wa mwisho unafaa kulinganishwa na gari la mseto lisilochomekwa. Toyota Land Cruiser ya mwaka 2024 iliyouzwa Marekani ina betri ndogo isiyofikia kilowati-saa 2, na EPA imeipa maili 23 kwa galoni, yaani takriban lita 10.2 kwa kilomita 100. Kwa mwenye gari asiyechaji, Wrangler 4xe lenye betri kubwa zaidi ya mara tisa hula mafuta mengi kuliko Land Cruiser hiyo.

5.0 Kasi, mwinuko na njia korofi

Takwimu za lebo hupatikana kwa kuliendesha gari juu ya roli katika maabara, kisha kurekebishwa ili zikaribie hali ya barabarani. Mambo matatu huziondoa kwenye wastani huo.

La kwanza ni kasi. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Dereva anayetoka kilomita 90 kwa saa hadi 110 huongeza ukinzani huo kwa karibu asilimia 50, na umbo la wima la Wrangler hulipa gharama hiyo kuliko magari yenye umbo la kuteleza hewani. Katika barabara kuu za mwendo wa kasi, kilomita za umeme na za petroli hupungua kwa pamoja.

La pili ni mwinuko. Kulipandisha gari la kilo 2,300 kwa mita 1,000 za wima kunahitaji nishati ya kilowati-saa 6.3 bila kuhesabu hasara yoyote. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya uwezo wote wa betri. Wakati wa kuteremka, breki za kurejesha nishati hurudisha sehemu yake, mradi betri ina nafasi ya kuipokea. Anayeanza kuteremka na betri iliyojaa hupoteza nafasi hiyo.

La tatu ni njia korofi yenyewe. Hapa mota ya umeme ina ubora wa kweli, kwa sababu hutoa msokoto mkubwa tangu mwendo wa sifuri, wakati injini ya petroli hupoteza nishati nyingi ikiunguruma katika mwendo wa kobe. Lakini mawe, mchanga na matairi yaliyopunguzwa upepo huongeza nishati inayohitajika kwa kila kilomita. Njia mashuhuri ya Rubicon huko California ina urefu wa maili 22 hivi, sawa na masafa ya umeme yaliyoandikwa kwenye lebo. Ulinganifu huo wa namba hautoshi kuthibitisha kwamba chaji iliyopimwa kwa mwendo wa mjini itatosha juu ya majabali. Isitoshe, katika mwendo wa namna hiyo lita kwa saa hueleza hali vizuri zaidi kuliko lita kwa kilomita.

6.0 Ushahidi mpana

Je, wenye magari haya huyachaji? Ushahidi kutoka Ulaya na Marekani ni wa kutahadharisha. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya Machi 2024, iliyotumia vipimo vilivyomo ndani ya magari yaliyosajiliwa mwaka 2021, ilionesha kwamba magari ya petroli na dizeli yalitoa hewa ya ukaa takriban asilimia 20 zaidi ya takwimu rasmi. Magari ya mseto ya kuchomeka yalitoa mara 3.5 ya takwimu zao. Utafiti wa Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi (ICCT) wa mwaka 2022 ulieleza sababu: magari ya watu binafsi yalisafiri kwa umeme asilimia 45 hadi 49 ya mwendo wake, na magari ya kampuni asilimia 11 hadi 15 tu. Mtumishi anayelipiwa petroli na mwajiri hana sababu kubwa ya kulipia umeme nyumbani kwake.

Umoja wa Ulaya haukuyaondoa magari hayo, ulirekebisha hesabu. Kanuni zinazoanza kutumika kwa aina mpya kuanzia mwaka 2025 zinapunguza mgawo wa umeme unaodhaniwa katika takwimu rasmi, na awamu inayofuata itaupunguza tena.

7.0 Maana kwa sera na hitimisho

Nchi za Afrika Mashariki zinaingia katika mjadala huu kupitia kodi. Tanzania imekuwa ikipanga madaraja ya ushuru wa bidhaa kwa ujazo wa injini, mpaka mmojawapo ukiwa sentimita za ujazo 2,000. Kwa kigezo hicho, gari la tani mbili na ushei lenye injini ya lita 2.0 huwekwa daraja moja na saluni ya familia. Rwanda iliidhinisha mwaka 2021 vivutio vya kodi vilivyoyahusu pia magari ya mseto, na mwaka 2025 ikaanza kuyatoza ushuru kulingana na umri. Ujazo na umri ni rahisi kusoma kwenye hati, lakini hakuna kati yake kinachosema gari limekunywa lita ngapi.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, sheria za kodi zitenganishe mseto wa kuchomeka na mseto usiochomekwa. Pili, daraja la msamaha likadiriwe kwa ulaji wa gari betri ikiwa imekwisha, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ambayo serikali inaweza kuwa na uhakika nayo siku ya kuingiza gari. Tatu, nafuu ya ziada kwa gari la kuchomeka itolewe baada ya matumizi, kwa kusoma kipimo cha mafuta kilichomo ndani ya gari wakati wa ukaguzi, pale kipimo hicho kinapokuwepo. Taasisi za umma zinazonunua magari ya njia korofi kwa kazi za mikoani zianze na swali moja kabla ya kuandika zabuni: soketi iko wapi? Pasipo soketi mwisho wa safari, zile lita nne zitaendelea kununuliwa kituoni.