Bakteria Rafiki wa Udongo na Ukuaji wa Mboga za Mizizi: Mfano wa Figili

Katika mboga za mizizi, kama vile karoti, figili na bitiruti, kiungo kinachofyonza maji na virutubisho ndicho pia kinachovunwa au kinachokizaa kile kinachovunwa. Kwa sababu hiyo, badiliko lolote katika mazingira ya mzizi huathiri moja kwa moja uzito na umbo la zao. Mwaka 1904, mtaalamu wa Ujerumani Lorenz Hiltner aliyaita mazingira hayo rizosfia, yaani ukanda mwembamba wa udongo unaoathiriwa na utomvu wa mizizi. Sukari na asidi zilizomo katika utomvu huo huwavuta bakteria wengi.

Dhana ya bakteria wa rizosfia wanaochochea ukuaji wa mimea inahusishwa hasa na Joseph Kloepper na Milton Schroth wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao mwaka 1978 waliwasilisha matokeo ya utafiti wao kuhusu figili. Zao hilo linafaa kwa majaribio ya aina hii kwa kuwa hukomaa katika muda wa wiki chache, na athari ya bakteria hupimika kwa uzito wa kiazi chake.

Swali lililofuata lilihusu namna bakteria hao wanavyofanya kazi. Jaribio lililofanyika katika mazingira yasiyo na vijidudu vingine lilitoa jibu muhimu: bakteria walewale hawakuongeza ukuaji. Matokeo hayo yalionesha kwamba bakteria hao hawakuwa wakiulisha mmea, bali walikuwa wakiwadhibiti vijidudu waharibifu wanaoishi mizizini. Mwaka 1980, Kloepper na wenzake walieleza njia mojawapo ya udhibiti huo. Bakteria wa jenasi ya *Pseudomonas* hutoa siderofori, yaani molekuli zinazonasa madini ya chuma na kuwanyima vijidudu washindani.

Ufafanuzi huo unadokeza mpaka wa teknolojia yenyewe. Chuma huyeyuka kwa urahisi zaidi katika udongo wenye asidi; hivyo, ushindani wa kukigombea hupungua, na faida inayotokana na siderofori hutarajiwa kupungua pia. Aidha, mahali ambapo waharibifu ni wachache, huwa hakuna mengi ya kudhibitiwa.

Zipo pia njia za moja kwa moja. Baadhi ya bakteria huyeyusha fosforasi iliyofungwa udongoni kwa kutoa asidi, na wengine, kama *Azospirillum*, huzalisha homoni ya auksini. Hata hivyo, kiwango cha homoni hiyo ni jambo nyeti. Auksini kidogo huchochea mzizi, ilhali ikizidi huzuia urefukaji wake na kuzidisha mizizi ya pembeni. Kwa mahindi, mizizi mingi ya pembeni yaweza kuwa faida. Kwa karoti, ni kasoro inayoshusha bei sokoni.

Kutokana na hayo, jaribio la chanjo ya bakteria kwa mboga za mizizi halitoshi likipima majani pekee. Linahitaji kufanyika katika udongo halisi wa shambani, kulinganisha bakteria hai na waliouawa ili athari ya kibebeo itengwe, na kupima uzito pamoja na umbo la zao. Bila vigezo hivyo, mkulima aweza kugharimia chanjo iliyofaulu maabara lakini isiyo na kazi ya kufanya katika udongo wake.