Umri wa Pampu Si Afya Yake

Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu kupitia mitambo miwili mikubwa. Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, Ruvu Chini katikati ya miaka ya 1970. Katika upanuzi wa muongo uliopita, mtambo wa kwanza ulitoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196; wa pili ukatoka takriban milioni 180 hadi 270. Tarakimu kama hizo hutangazwa kwa shangwe. Kazi inayopaswa kuzitangulia haipigiwi ngoma: mtu kuzunguka na daftari, chuma kimoja baada ya kingine, akiandika kina hali gani.

Hesabu nyepesi ni ya umri. Pampu imetimiza miaka 20, basi ing'olewe. Lakini chukua pampu mbili zilizonunuliwa siku moja. Moja huvuta maji ya mtoni, na masika yakija humeza mchanga mpaka impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, inasagika kingo. Pacha wake husukuma maji yaliyokwisha kuchujwa, na pengine bado ana miaka mingi ya kazi. Kwenye vitabu vya hesabu, zote mbili ni wazee sawa.

Fundi huzitofautisha kwa vipimo: maji yanayotoka, msukumo wake, umeme unaoliwa. Umeme ukipanda huku maji ni yaleyale, pampu imechoka hata kama haipigi kelele. Beringi nazo hupimwa mtetemo na joto. Kisha kila kifaa hupewa alama, mara nyingi 1 kwa kilicho kizima hadi 5 kwa kilicho hoi, na hapo ndipo fedha hugawanywa.

Kinachovuruga kazi hii mara nyingi ni majina na kumbukumbu tu. Stoo huiita pampu namba tatu, watu wa zamu huiita ya dirishani, mhasibu ana tarakimu zake. Vali iliyobadilishwa usiku wa dharura haikuandikwa popote; mchoro bado unaonyesha ya zamani, na mkandarasi ataagiza vipuri kwa mchoro huo. Programu ya kompyuta haitamwokoa, kwa kuwa nayo ililishwa mchoro uleule.

Dawa yake ni ya bei ndogo: kibao cha chuma chenye namba moja inayotumika stoo, kwenye zamu na kwa mhasibu, picha ya simu, na asubuhi kadhaa za kumfuata nyuma mzee wa zamu kabla hajastaafu, akionyesha vali ipi hufunguka kinyume.