Paka kwa Daktari (2): Hofu Huanzia Nyumbani

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini paka naye anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwa nini kampeni nyingi za chanjo hufanyika karibu na Septemba 28, siku ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya ugonjwa huo. Leo nagusa jambo linalowafanya wafugaji wengi wa paka wasifike kabisa kituoni: paka hakamatiki. Akikamatwa anakwaruza, akifikishwa anaponyoka, na mwenyewe anarudi nyumbani akiapa kwamba hatarudia.

Tuanzie kwenye asili yake. Paka wetu ametokana na paka pori wa Afrika, mnyama mdogo anayewinda peke yake na ambaye mwenyewe huwindwa na wakubwa zaidi. Hana kundi la kumtetea. Usalama wake ni eneo lake: ukuta anaoujua, mlango alioupaka harufu yake kwa kuusugua na mashavu, dirisha la kutokea. Ukimng'oa hapo ghafla umemnyang'anya kila kinachomwambia kwamba yuko salama. Kwa asili hiyohiyo, paka anayeumwa halalamiki. Hujificha uvunguni na kunyamaza, nasi tukadhani amechoka tu.

Wapo wanaoichukulia hofu hii kuwa usumbufu wa kuvumiliwa. Mimi naihesabu kuwa suala la tiba. Paka aliyeshikwa na hofu, sukari yake ya damu hupanda, wakati mwingine kiasi cha kufanana na mwenye kisukari ilhali ni mzima. Presha nayo hupanda. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 1999 kwa kupima paka walewale wakiwa wametulia, kisha wakichunguzwa kama wanavyochunguzwa kliniki. Tumbo likikakamaa, vidole vya daktari haviwezi kuzipapasa figo vizuri. Na ukitazama meza ya chuma pale paka anapoinuliwa, utaona alama ndogo za unyevunyevu zilizoachwa na nyayo. Paka ana tezi za jasho kwenye nyayo, na woga humtoa jasho hilo. Ongeza mboni zilizotanuka hadi jicho likawa jeusi tupu, na masikio yaliyolala ubavuni. Hapo kipimo kinachosomwa ni cha hofu kwanza, ugonjwa baadaye.

Sasa tuone jinsi tunavyomsafirisha. Wengi huchukua kiroba cha unga, wakamtumbukiza, wakafunga kamba na kupanda bodaboda. Naomba tuache kabisa. Ndani ya kiroba mna joto na hewa haba, na paka anayehema mdomo wazi yuko hatarini, kwa kuwa si kawaida yake kuhema kama mbwa. Boksi la karatasi nalo hulowa mkojo likatoboka njiani. Kinachofaa ni kasha la plastiki lenye mlango wa mbele na kifuniko kinachofunguka juu. Asiyeweza kulinunua atumie kikapu au tenga dogo lililosukwa imara, lenye mfuniko wa kufunga. Kifuniko cha juu kina faida kubwa: paka mwoga anaweza kuchunguzwa na hata kuchanjwa akiwa bado amelala ndani.

Kosa la wengi, hata wenye kasha zuri, ni kulifungia stoo mwaka mzima. Linatoka siku moja tu, nayo ni siku ya sindano. Paka ana akili ya kutosha kuliunganisha hilo, ndiyo maana akisikia mlango wa kasha ukigonga anatoweka. Liwekwe sebuleni siku zote, likiwa wazi, na ndani ilazwe kanga uliyojifunika bila kufuliwa, yenye harufu ya mwili wako. Weka dagaa mlangoni mwa kasha. Akizoea, sogeza dagaa ndani kidogo, kisha mwisho kabisa. Akianza kulala humo kwa hiari, funga mlango kwa muda mfupi na ufungue kabla hajalia. Baadaye linyanyue, tembea naye hadi getini, rudi, mpe dagaa. Usiruke hatua, akisita, rudi nyuma. Huko Vienna, watafiti walizoesha paka kwa namna hii kwa wiki sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliozoeshwa walikuwa na hofu ndogo zaidi safarini kuliko wenzao.

Siku ya safari, ondoka asubuhi kabla jua halijakaza. Funika kasha kwa kanga nyepesi inayopitisha hewa, ulibebe kwa mikono miwili kwa chini, maana likining'inizwa kwenye mpini huyumba na kumtia kichefuchefu. Bajaji ni bora kuliko bodaboda.

Kituo cha chanjo chenyewe ni mtihani. Chini ya mwembe wamejaa mbwa wamefungwa kamba, wanabweka, watoto wanakimbizana. Usimwingize paka kwenye foleni hiyo. Mwache kijana akushikie nafasi, wewe ukae mbali na kasha lililofunikwa, juu ya benchi na si chini, kwa sababu paka hupata nafuu akiwa mahali pa juu. Zamu ikifika, mwombe mtaalamu akufuate ulipo. Sindano yenyewe ni ya sekunde chache. Heri zaidi, zungumza mapema na afisa mifugo wa kata kama anaweza kupita nyumbani.

Kuna desturi ya kumkaba paka ngozi ya shingo na kumning'iniza, kwa hoja kwamba mama yake alimbeba hivyo. Mama hubeba kitoto cha wiki chache. Mwongozo wa mwaka 2022 wa vyama vya madaktari wa paka, cha Marekani na cha kimataifa, unaikataa njia hiyo. Taulo la kumzungushia mwili hutosha.

Kuhusu dawa za kutuliza, nasema kwa msisitizo: usimpe paka Panadol. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Dawa za usingizi za binadamu nazo zikae mbali naye. Kwa paka mwenye hofu kali, daktari wa mifugo anaweza kuagiza gabapentini, inayotolewa nyumbani saa kama mbili kabla ya kuondoka. Kipimo apange yeye, kwa uzito na hali ya figo.

Mkirudi, kama una paka wawili, usishangae aliyebaki akimfokea mwenzake. Anasikia harufu ya kliniki, hamtambui. Watenge vyumba hadi kesho yake, na umfute msafiri kwa kanga ya nyumbani.

Mazoezi haya ya kasha ni ya paka mzima, na ya safari zinazopangwa. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka asingojeshwe hata usiku mmoja. Mzungushie taulo umpeleke saa hiyohiyo, kwa kuwa mkojo uliozibwa huua kwa siku chache. Maradhi hayo ya kibofu, na jinsi hofu ya muda mrefu inavyoyachochea, ndiyo tutakayoyaeleza wiki ijayo.