Takwimu za mimba za mapema: Jinsi ya kuzichora zieleweke

Bango lenye maneno "Asilimia 23 ya wasichana" likibandikwa kwenye ukuta wa zahanati bila maelezo, mtu mmoja ataelewa kuwa karibu robo ya wanafunzi wa kike ni wajawazito mwaka huu. Mwingine atadhani ni wasichana 23 tu. Wote watakuwa wamekosea, na wasichana wa shule ndio watakaonyooshewa kidole.

Tarakimu hiyo inatokana na Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa mwaka 2022. Maana yake ni kwamba kati ya kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 23 waliwahi kupata mimba. Wamo walio shuleni na walioacha, walioolewa na wasioolewa, na hata wenye miaka 18 na 19, ambao kisheria ni watu wazima. Homa Bay na Migori zote zilikuwa na asilimia 23, huku kiwango cha kitaifa kikiwa 15.

Infografiki, yaani mchoro unaoeleza takwimu kwa picha na maneno machache, inaweza kuondoa utata huo iwapo mambo yafuatayo yatazingatiwa.

Chora watu. Weka safu 10 za wasichana 10, kisha 23 watiwe rangi nzito. Hata asiyejua asilimia ataona ukubwa wa jambo. Tumia vivuli vya watu, si picha ya msichana anayeweza kutambuliwa kijijini.

Onyesha ulikotoka. Mchoro wa 2022 pekee utaonyesha kaunti mbili zinazolingana. Ukiongeza KDHS ya 2014, habari inabadilika: Homa Bay ilikuwa na asilimia 33, Migori 24. Homa Bay imeshuka sana. Migori karibu haikusonga. Kwa kuwa utafiti huu huhoji sampuli ya watu tu, tofauti ya alama moja haitoshi kutangaza ushindi. Chini ya mchoro, eleza pia kwamba hesabu ya 2022 ilijumuisha mimba zilizoharibika, ilhali ya 2014 haikuzijumuisha.

Anzia sifuri. Grafu ya nguzo ikianzia 10, nguzo ya 23 itaonekana kuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 15. Ukweli ni mara moja na nusu hivi. Hofu ya aina hiyo haisaidii kupanga bajeti.

Fikiria fotokopi. Mabango mengi hutolewa nakala kwa wino mweusi, na hapo nyekundu na kijani hufanana. Tofautisha kwa mistari au weusi na weupe, na uandike tarakimu juu ya kila nguzo.

Jaribu kwanza. Kabla ya kuchapisha, waonyeshe watu watano sokoni, kwa Kiswahili, Dholuo au Kikuria, na uwaulize: "Mchoro huu unasema nini?" Wakijibu tofauti na ulivyokusudia, rekebisha mchoro.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo, mwananchi akiona bango la takwimu, ana haki ya kuuliza: ni nani waliohesabiwa, lini, na ni kati ya wangapi?