Saa Moja ya Nyimbo Tisa

Kipindi cha muziki cha redio kinachowalenga vijana husikika kana kwamba kinajiendea chenyewe, kwa kuwa mtangazaji huongea kama aliyeketi kijiweni, nyimbo hupokezana bila mshono kuonekana, na msikilizaji hupata hisia kwamba yeye na mtangazaji wanasikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Lakini wepesi huo ni zao la maandalizi ya siku kadhaa, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo ni kazi ya kuacha. Hesabu ya saa moja yatosha kulionyesha jambo hili. Kituo cha biashara kikitenga dakika 5 za muhtasari wa habari, dakika 12 za matangazo ya biashara, dakika 8 za mazungumzo na simu za wasikilizaji, na dakika 3 za kiashirio cha kipindi pamoja na jingo, yaani vile vipande vifupi vya sauti vinavyolitaja jina la kituo kwa mdundo usiosahaulika, zinabaki dakika 32. Na wimbo ukichukua wastani wa dakika tatu na nusu, nafasi iliyopo ni ya nyimbo tisa, na nusu dakika ya kupumulia. Wanamuziki wanaotaka kuingia katika nafasi hizo tisa ni wengi kuliko wanavyoweza kuhesabika.

Anayebeba mzigo wa hesabu hiyo huitwa mtayarishaji wa kipindi, ambaye hafai kuchanganywa na prodyuza, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku ya Dar es Salaam prodyuza ni yule anayetengeneza midundo na kumrekodi msanii studio. Mtayarishaji ndiye anayeamua kipindi ni cha nani, kina sehemu ngapi, nani ahojiwe, na wimbo upi utangulie upi. Katika vituo vidogo kazi hiyo, ile ya utangazaji na ile ya kuendesha mitambo hufanywa zote na mtu mmoja, mara nyingi kijana wa kujitolea ambaye malipo yake ni nauli.

Kwa upande wa Tanzania, kipindi cha aina hii si cha zamani sana. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa kituo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1965 redio ikawa chini ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa miongo kadhaa ndiyo iliyosikilizwa katika karibu kila nyumba ya Tanzania Bara iliyokuwa na redio. Muziki haukukosekana humo, kwani bendi za dansi zilirekodiwa katika studio za redio hiyohiyo na kadi za salamu zilisomwa hewani zikiwa na majina ya ukoo mzima. Hata hivyo redio ilikuwa chombo cha kaya, ikikaa kabatini sebuleni au begani kwa baba, na kijana aliyeusikia wimbo alioupenda aliusikia kama mgeni katika nyumba ya wakubwa. Mlango ulifunguliwa na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliyoruhusu vituo binafsi, ambapo Radio One ilianza mwaka 1994 na Clouds FM, yenye chimbuko katika biashara ya disko, ikafuata kabla muongo huo haujaisha. Katika vipindi vya watangazaji kama Taji Liundi na Mike Mhagama wa Radio One, vijana waliokuwa wakifokafoka kwa Kiswahili walipata kusikika kando ya Wamarekani ambao vijana hao walikuwa wakiwaiga, na jina la Bongo Fleva lenyewe kwa kawaida hunasibishwa na Mhagama, aliyelitumia hewani mwaka 1996 ili kuutenganisha muziki wa nyumbani na ule wa ng'ambo. Muziki huo ulibatizwa na mtangazaji badala ya wanamuziki wenyewe, na jambo hilo laonyesha jinsi kipindi cha redio kilivyokuwa mkunga wa muziki huo.

Uamuzi wa kwanza wa mtayarishaji unahusu saa ya kurushwa kwa kipindi, nao hutokana na ratiba ya maisha ya msikilizaji. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hurudi nyumbani alasiri, akala, akaosha vyombo, ndipo akapata saa moja ya kwake kabla ya giza. Kijana wa bodaboda husikiliza akiwa kijiweni akingoja abiria. Msusi wa saluni huacha redio wazi kutwa nzima, naye ndiye anayewachagulia wateja wake kituo. Ndiyo maana vipindi vingi vya vijana hukaa kati ya saa tisa alasiri na saa moja usiku, na kurefushwa Jumamosi. Namna ya kusikiliza nayo ina uzito wake: simu nyingi za bei nafuu hunasa masafa ya FM kwa kutumia waya wa spika za masikioni kama antena, kwa hiyo kijana aliyevaa spika hizo humsikia mtangazaji akiwa peke yake, karibu mno, na mtangazaji anayepiga kelele kama mpiga debe wa stendi humchosha katika dakika chache.

Baada ya saa huja mpangilio wa nyimbo, na hapa ndipo fundi hutofautiana na mshabiki. Mshabiki hupiga anazozipenda. Fundi hugawa nyimbo katika makundi, kwa mfano nyimbo zinazotamba sasa, nyimbo mpya zinazojaribiwa, nyimbo za miaka michache iliyopita ambazo bado zina nguvu, na nyimbo za zamani zinazojulikana na wote, kisha huweka mzunguko, yaani kanuni inayosema kila kundi lirudi mara ngapi. Wazo la kurudiarudia nyimbo chache zinazopendwa hunasibishwa na Todd Storz, mmiliki wa kituo cha KOWH cha Omaha nchini Marekani, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1950 aligundua kwamba wasikilizaji hawachoki kuusikia wimbo wanaoupenda kwa haraka kama wanavyochoka watangazaji wanaoupiga. Ugunduzi huo ungali wa kweli: mtangazaji ameusikia wimbo mara thelathini kwa wiki, wakati msikilizaji wake ameusikia mara tatu na anaungoja mara ya nne.

Mzunguko huo una mtego mdogo wa hesabu ambao umewanasa wengi. Kituo kinachorusha muziki saa 24, kikiwa na nyimbo sita zinazotamba na nafasi mbili za kundi hilo katika kila saa, huwa na nafasi 48 kwa siku, na kwa kuwa 48 hugawanyika kwa sita bila kubakiza kitu, kila wimbo utarejea kesho katika dakika ileile uliyopigwa leo, hata mwanafunzi anayefungua redio saa kumi kila siku akafikiri kituo kina nyimbo mbili tu. Kundi hilo likiongezewa wimbo mmoja likawa na nyimbo saba, hesabu hugoma kugawanyika, nyimbo husogea kila siku, na tatizo likatoweka bila kununuliwa mtambo wowote. Programu za kompyuta za kupanga muziki hulifanya jambo hili zenyewe, ila vituo visivyo nazo hupanga kwa kalamu na daftari, ambamo namba saba hufanya kazi vilevile.

Kuna pia suala la mwendo wa nyimbo, unaopimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Bongo Fleva ya kawaida huenda karibu na mapigo 100, amapiano kutoka Afrika Kusini huwa juu yake kidogo, na singeli, muziki wa kasi uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, huvuka mapigo 200 na wakati mwingine hukaribia 300. Kuutoa wimbo wa singeli na kuuingiza wa mapenzi uendao polepole bila kuweka kitu katikati ni sawa na kumshusha abiria garini kabla gari halijasimama. Mtayarishaji mwenye sikio huweka hapo jingo, sauti ya msikilizaji, au maneno mawili ya mtangazaji, ili sikio lipate pa kukanyaga.

Maneno ya mtangazaji ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, ingawa kwa kijana mwenye intaneti ndiyo sababu pekee iliyobaki ya kusikiliza redio, maana nyimbo zenyewe anazo simuni. Maneno hayo huandaliwa: mtangazaji hujua kabla ya kuwasha kipaza sauti anataka kusema jambo gani moja, na hujua wimbo unaofuata una sekunde ngapi za ala kabla mwimbaji hajaanza. Wimbo wenye utangulizi wa sekunde 14 humruhusu aseme sentensi mbili, ataje jina la msanii, kisha anyamaze sekunde ya 13, sauti ya mwimbaji iingie kama aliyekuwa akisubiri zamu yake. Akichelewa kidogo humkanyaga mwimbaji, kosa ambalo wasikilizaji hulitambua hata kama hawana jina la kuliita. Mkono wake wakati huo uko kwenye meza ya kuchanganyia sauti, ukikishusha kidhibiti cha sauti ya muziki anapoanza kusema na kukipandisha taratibu anapomaliza, huku jicho likitazama saa ya ukutani na sikio moja likiwa ndani ya hedifoni.

Lugha nayo huleta ubishi katika kila kikao cha kupanga kipindi. Wako wanaotaka Kiswahili sanifu kitupu, na wako wanaoamini kwamba kijana huongeleshwa kwa lugha ya mtaani tu. Jijini Nairobi, Ghetto Radio, iliyoanza mwaka 2008, ilijenga jina lake lote juu ya Sheng, lugha ya mtaani ya huko. Hoja zote mbili zina ukweli, lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni ya mtangazaji mwenye umri wa miaka arobaini anayetumia misimu ya mwaka juzi, kwa sababu neno la mtaani huchacha upesi kama maziwa, na kijana humsamehe mtu mzima anayezungumza kama mtu mzima kuliko anayejifanya rika lake. Dawa iliyo rahisi ni kuwaachia vijana wenyewe nafasi ya kusema, na hapo teknolojia imesaidia: ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa sekunde ishirini, ukiwa umesikilizwa na kukatwa kabla ya kurushwa, ndio kadi ya salamu ya leo, isipokuwa sasa mtumaji hujisomea mwenyewe.

Kwa kuwa nafasi ni tisa na wanaozitaka ni wengi, kipindi cha muziki huvuta fedha za gizani. Nchini Marekani hongo anayopewa mtangazaji ili apige wimbo ilipata jina lake la payola, na mwaka 1960 mtangazaji maarufu Alan Freed, aliyesaidia sana kuueneza muziki wa rock and roll, alishtakiwa kwa kupokea fedha hizo. Mwaka 1962 alikiri sehemu ya mashtaka na kutozwa faini ya dola 300, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na kazi na jina alivyopoteza. Katika Afrika ya Mashariki wasanii chipukizi wamelalamika kwa miaka mingi juu ya desturi hiyohiyo, na ni vigumu kuimaliza pale ambapo mtangazaji halipwi mshahara. Kinachopunguza uovu huo ni utaratibu: nyimbo mpya zipokewe mahali pamoja, zisikilizwe na watu watatu au wanne kwa siku maalumu bila jina la msanii kutajwa kwanza, na sababu ya kukubali au kukataa iandikwe. Usikilizaji huo pia hugundua mapema mashairi yasiyofaa, jambo lenye uzito wa kisheria, kwani kanuni za utangazaji za Kenya za mwaka 2016 zilizuia maudhui ya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, na nchini Tanzania Mamlaka ya Mawasiliano iliwahi, Februari 2018, kuzuia nyimbo kadhaa za wasanii wenye majina makubwa zisipigwe redioni. Msanii anayejua kazi hutuma matoleo mawili ya wimbo, moja likiwa limesafishwa kwa ajili ya redio. Asipotuma, mtayarishaji hulazimika kulifunika neno kwa mlio, na ule mlio, kwa bahati mbaya, huwafanya wasikilizaji wote wakumbuke neno lililofunikwa.

Kipindi kinapokwisha na mtangazaji wa zamu inayofuata akiwa tayari amekaa kitini, hubaki kazi moja ambayo hakuna msikilizaji anayeiona. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo ambacho mwanzoni kilisimamia haki za watunzi pamoja na mrabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapotumiwa hadharani, nao hauwezi kugawanywa kwa haki iwapo haijulikani nani alipigwa. Kwa hiyo mtayarishaji hufungua daftari au jedwali la kompyuta, akajaza jina la wimbo, la mwimbaji na la mtunzi, ambaye si lazima awe mwimbaji, kisha saa na dakika, mistari tisa kwa saa moja. Na pale ambapo jina la mtunzi halikuandikwa kwenye faili lililotumwa, kabla ya kuondoka studio humpigia simu msanii, maana kesho kutakuwa na mistari mingine tisa.