Buibui, Kifaru na Kata: Nembo za Divisheni za Kiafrika katika Vita vya Burma

Nembo ya kikosi cha jeshi hudhaniwa mara nyingi kuwa ni pambo la sare. Kwa kweli ni alama, na kama alama zote za lugha haisomeki ila kwa yule anayeijua. Msomaji wake hana budi kufahamu mambo mawili: mahali inapovaliwa mwilini, na masimulizi ya watu wanaoivaa. Mifano mizuri hutolewa na divisheni tatu za Kiafrika za jeshi la Uingereza, zilizoundwa mwaka 1943 na kupigana huko Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar.

Desturi ya Waingereza ya kuzipa divisheni picha badala ya nambari ilienea katika vita vya 1914-1918. Nambari humwambia adui mambo mengi. Picha humwacha akikisia. Katika Vita Kuu vya Pili nembo hizo zilishonwa juu ya mikono ya sare, chini ya bega, na mnyama aliyechorwa kwa ubavu alitakiwa kuelekea mbele. Kwa hiyo zilitengenezwa jozi, ya kulia na ya kushoto, maana mnyama anayetazama nyuma angesomeka kama askari anayekimbia vita.

Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi ilivaa buibui mweusi juu ya duara la manjano. Huyu ni Anansi, mjanja wa hadithi za Waashanti wa Ghana, ambaye huwashinda wakubwa kwa akili. Kichwa chake kilielekezwa chini. Jambo hilo laonekana kosa mpaka askari anyanyue mkono kulenga bunduki: hapo buibui huwa anatembea mbele, kuelekea kwa adui. Alama yenyewe, basi, haikukamilika ila kwa kitendo. Tena Wahausa, waliokuwa wengi katika vikosi vya Nigeria, wanaye Gizo wao, naye pia ni buibui mwenye hila. Ishara moja ilisomeka katika lugha mbili. Kwa Kiswahili isingesomeka hivyo. Ujanja kwetu ni wa sungura, na buibui, huko pwani, ni vazi jeusi la wanawake.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilichukua kichwa cha kifaru. Picha hii haikuhitaji hadithi: nguvu na ukaidi wa mnyama huyo ulijulikana kwa Mkenya, Mganda, Mtanganyika na Mnyasa vilevile. Lugha yao kuu ya jeshi ilikuwa Kiswahili, ingawa vikosi vya Nyasaland vilikuwa na Kinyanja chao. Divisheni hii ilipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kali za 1944, ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba. Wakongo nao walikuwapo: kituo cha 10 cha kupokea majeruhi, cha Kongo ya Kibelgiji, kiliwahudumia askari wa kifaru. Watumishi wake walitoka katika Force Publique, ambayo lugha yake ilikuwa Kilingala, wakawauguza watu walioulilia uchungu wao kwa Kiswahili.

Nembo yenye uzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya Divisheni ya 82 ya Afrika Magharibi: mikuki miwili iliyopishana, pamoja na kata, ile ngata ambayo mpagazi huweka kichwani chini ya mzigo. Wito wake ulisema kwamba divisheni hupigana kwa msaada wa wapagazi wake. Ni nadra jeshi kukiri hivyo kwenye sare. Mikuki peke yake ingewataja wapiganaji tu. Kata ndiyo inayomwingiza ndani ya alama mtu asiyehesabiwa.

Umuhimu wake waonekana zaidi ukikumbuka vita vya kwanza. Force Publique ilipoingia Tabora mnamo Septemba 1916, nyuma yake walikuwa wapagazi wengi kuliko askari, nao hawakushonewa mnyama yeyote begani. Upande wa Waingereza, kikosi cha wachukuzi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waswahili walilitamka jina hilo kwa namna yao, likabaki mjini Dar es Salaam hadi leo: Kariakoo.